Nilinunua baiskeli ya kumbeba mama mkwe bila kuuliza nani ataiendesha

Wakuu, habari za wikendi.

Naona humu kila wiki mtu anauliza anunue baiskeli gani. Mountain ama ya kawaida, gia ngapi, tairi saizi gani. Majibu yanamiminika na kila mtu ni fundi. Mimi nimekuwa nasoma tu na kupita, kwa sababu yaliyonikuta kwenye haya mambo ya baiskeli yana aibu kidogo. Leo nimeamua kuyamwaga yote yalivyokuwa. Pale nilipokuwa mjinga nitasema nilikuwa mjinga.

Mnijue kwanza. Nina duka dogo la mbegu na dawa za mifugo hapa Rodi Kopany, kwenye barabara ya Homa Bay kwenda Rongo. Lakini kwetu ni Muhuru Bay, kule mpakani na Tanzania, na ndio maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo kuliko cha majirani zangu. Wasisome hapa.

Muhuru nimekulia juu ya baiskeli. Baba alikuwa anabeba magunia ya omena, wale dagaa wetu, kutoka ziwani hadi barabarani kwa black mamba, ile baiskeli nyeusi ndefu, fremu ya chuma kizito, breki za vyuma. Nilipopata nguvu nikaanza kubeba mimi. Kwa hiyo ukinitajia baiskeli, kichwani inakuja black mamba tu. Hizo zingine nilikuwa naziona vitu vya kuchezea.

Sasa shida yenyewe.

Mama mkwe wangu anakaa kama kilomita tano kutoka hapa dukani. Ndiyo, nilioa karibu, watu wa kwetu walinicheka sana wakisema nilikosa nauli. Ni mjane, anaishi peke yake. Wanawe wa kiume ni wawili, mmoja yuko kisiwa cha Remba kwenye biashara ya samaki, mwingine yuko Nairobi. Mke wangu Akinyi ndiye mtoto aliye karibu.

Mwaka jana mama alipanda bodaboda kutoka sokoni. Wakati wa kushuka akashukia upande wa eksozi, lile bomba la moshi, ikamchoma nyuma ya mguu, chini ya goti. Kitu kidogo tu, saizi ya kifuniko cha chupa. Wengi wetu tuna hiyo alama.

Tatizo mama ana sukari. Mwezi mmoja baadaye kile kidonda kilikuwa kimekuwa kikubwa kama kiganja na kinanuka. Alikuwa anakipaka majani na kutuambia kinaendelea vizuri. Akinyi alikigundua siku alipoenda kumfulia nguo akakuta vitambaa vimefichwa chini ya kitanda.

Sista wa zahanati hapa Rodi alikiangalia akatuambia wazi. Kidonda kioshwe na kufungwa kila baada ya siku moja, pale pale zahanati, ili akate nyama iliyokufa na kupima sukari. Tena asitembelee huo mguu safari ndefu. Tukifanya hivyo mguu utapona. Tukizembea, ataandika barua twende hospitali kubwa, na huko kitu cha kwanza kuongelewa kitakuwa ni kuukata.

Mtaniuliza, si umlete akae kwako, zahanati iko hapo karibu? Kwa wale si Wajaluo wacha nieleze. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake wana heshima kubwa kati yao. Hamkai kiti kimoja, hamgusani ovyo, na mama mkwe halali nyumbani kwa mkwe wake. Najua siku hizi kuna wanaosema hizo ni za zamani, na mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao. Lakini mama ni wa zamani, na nyumbani kwangu hakulala hata siku Akinyi alipojifungua.

Mtauliza tena, si apande boda? Aliapa hatapanda pikipiki tena maishani. Na gari haifiki. Kutoka lami hadi bomani kwake ni njia ya miguu kati ya mashamba ya miwa, udongo mweusi ule wa kunata, mvua ikinyesha viatu vinabaki huko.

Basi nikaona jibu ni moja tu. Baiskeli.

Nikaenda Migori mjini, kwa muuzaji mmoja Mkuria anaitwa Chacha. Ana uwanja mzima wa baiskeli, mpya na mitumba. Kijana mpole, hana haraka. Akaniuliza, "Mkubwa, hii ni ya kubeba nini?"

Nikamwambia ni ya kubeba mgonjwa.

"Na nani ataendesha?"

Nikamjibu, "Si unaniona nimesimama hapa?"

Akasema sawa. Akanionyesha mountain bike moja ya gia ishirini na kitu, ina shock mbele. Nikaikataa, na kwa hilo sikukosea. Ile tairi ya meno ni nzuri kwa matope, lakini nyuma haina mahali pa kufunga keria la maana, na gia zikishaingia udongo mweusi zinaanza kuruka. Fundi wetu wa Rodi hana hizo spea, utangoja wiki mbili. Ikiwa wewe unaendesha kwa mazoezi na huna mzigo, nunua. Ukiwa na mzigo, achana nayo.

Nikachukua black mamba. Mnyama. Vyuma viwili juu ya fremu, tairi ishirini na nane, keria la kubeba gunia. Nikashuka nayo Rongo kutoka kwa gari nikaiendesha hadi Rodi napiga kengele bila sababu. Wakuu, nilijisikia nimerudi kuwa kijana wa miaka kumi na sita.

Kesho yake nikamwambia Akinyi tangulia kwa mama, mimi nakuja. Nilikuwa nimefunga mto mzuri kwenye keria, nimepaka cheni mafuta. Nikafika bomani nikaisimamisha pale uani.

Mama akatoka na fimbo yake. Akaizunguka ile baiskeli pole pole. Akamshukuru Mungu, akaniombea baraka, akaushika ule mto akasema ni laini. Kisha akamgeukia Akinyi, sio mimi, akamuuliza nani atamwendesha. Tulikuwa tunaongea Kijaluo, nawawekea kwa Kiswahili.

Nikadakia mwenyewe. "Ni mimi, mama."

Aliangalia chini, akageuka, akarudi ndani akafunga mlango.

Nilibaki pale nimeshika usukani. Akinyi akaingia ndani. Nikasikia wanaongea, kisha nikamsikia mama wazi kabisa akisema, "Nikae nyuma ya mkwe wangu, na nimshike wapi?"

Hilo swali sikuwa nimejiuliza hata sekunde moja. Kwenye black mamba abiria anashika kiuno cha anayeendesha, hakuna kingine cha kushika. Nilikuwa nimefikiria uzito, njia, matope, keria. Nimesahau kwamba huyu si gunia la omena.

Akinyi alipotoka nikamfokea. Kwa nini hukuniambia? Naye akanishangaa. Yeye alidhani najua. Alidhani nimepanga na shemeji yangu wa Remba aje, au nimetafuta kijana wa kuendesha. Mjaluo mzima na ndevu zangu, angeanzaje kunikumbusha heshima ya mama yake?

Hiyo siku mama hakwenda zahanati.

Shemeji wa Remba tulimpigia, akasema atakuja msimu ukiisha. Kijana wa jirani alikuja siku moja, mara ya pili akachelewa, mara ya tatu hakuja kabisa na simu akazima. Mama alijikokota kwa fimbo hadi zahanati, na sista alipofungua kile kidonda akakikagua pande zote. Akasema siku nyingine mbili za kukosa na yeye ataandika ile barua.

Nikaja na akili nyingine. Mama akae kwenye keria, Akinyi aisukume kwa mkono, mimi nitembee nyuma kwa mbali. Mama akakubali. Hapo kwenye mashamba ya miwa nilikuwa hatua kama kumi nyuma yao, naangalia pembeni kama mtu anayekagua miwa.

Akinyi ni mfupi. Ile baiskeli usukani wake unamfika kifuani. Ikiwa na mama juu, na udongo umenasa kwenye madigadi, tairi likagoma kuzunguka. Akavuta kwa nguvu. Baiskeli ikaanza kulala upande wake, akaishikilia lakini ikamzidi pole pole.

Nilikimbia. Sikufikiria mila wala nini. Nilimdaka mama kwa makwapa kabla hajafika chini, nikamshikilia hivyo mpaka Akinyi alipoitoa baiskeli katikati ya miguu ya mama.

Mama hakuumia. Lakini bandeji ilikuwa imelowa damu. Nilimwachilia polepole akasimama kwa fimbo. Hiyo safari tuliimaliza yeye akichechemea amemshika Akinyi, na mimi nikisukuma baiskeli tupu mbali sana nyuma.

Kesho yake alituma neno kwamba haendi tena. Tumwache na mguu wake.

Wakuu, hapo niliogopa kweli. Niliketi dukani nikaona nimemfunga yule mama ndani ya nyumba yake kwa baiskeli yangu. Atakatwa mguu akiwa na mkwe mwenye duka, mwenye afya, mwenye baiskeli mpya.

Akinyi alikuja saa ya chakula cha mchana. Hakunipigia kelele. Aliweka bakuli juu ya kaunta akasema, "Baba, hii baiskeli ulijinunulia wewe. Mwenye atabeba mama ni mimi. Sasa twende tutafute yenye mimi naweza endesha."

Nikamuuliza, kwani wewe unajua kuendesha?

Akacheka kidogo. Akaniambia alijifunza akiwa msichana, kwa kuiba baiskeli ya kaka yake na kuzunguka nayo huko kwenye miwa. Alikuwa anajua vizuri tu. Mpaka siku mama yake alipomkuta, akamchapa, akamwambia msichana haendeshi baiskeli, watu watasema nini.

Miaka tisa ya ndoa sikuwa najua hiyo habari. Sikuwahi kuuliza.

Tukafunga duka tukaenda Migori na ile black mamba juu ya gari. Chacha alituona akatabasamu, lakini hakusema neno, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Safari hii alizungumza na Akinyi, na mimi nikakaa kwenye ngazi.

Sasa hapa ndipo nilipojifunza kuchagua baiskeli, nikiwa na umri wangu huu. Akinyi hakuuliza rangi. Kitu cha kwanza alikaa kwenye kiti na kuweka miguu chini. Kama vidole tu ndivyo vinavyogusa, aliishuka. Akasema akiwa na mama nyuma na baiskeli ikayumba, anataka nyayo zote mbili ziwe chini.

Cha pili, chuma cha juu. Sisi ni Wasabato na Akinyi havai suruali. Ukiwa na sketi huwezi kurusha mguu juu ya fremu ya kiume, na ukiwa umebeba mgonjwa nyuma huwezi kuurusha hata ukiwa na suruali, utampiga teke. Alitaka ile fremu iliyoshuka katikati, unapita kama mlangoni. Chacha alikuwa nazo mitumba tatu.

Cha tatu ilikuwa kupandisha na kushusha. Akauliza stendi. Si ile ya mguu mmoja ya pembeni, ile ya miguu miwili inayoinua tairi la nyuma, ili baiskeli isimame yenyewe wakati mama anakaa. Mimi kwa miaka yote ya omena nilikuwa naegemeza kwenye ukuta.

Gia alisema hataki nyingi. Chacha akampa moja yenye gia tatu ambazo ziko ndani ya kitovu cha tairi la nyuma, hazioni matope. Inapanda kilima taratibu. Cheni imefunikwa yote, sketi haiingii.

Nikiwa pale kwenye ngazi akaniita. "Kuja ukae."

Nikakaa kwenye keria mbele ya watu wa Migori, mwanamume mzima, miguu nimeikunja. Akinyi akaondoka nami. Mara ya kwanza tukaenda kama walevi, karibu tumgonge mama wa ndizi. Mara ya pili tukanyooka. Akazunguka uwanja wote mara tatu, anapumua kwa nguvu na anacheka, na mimi nyuma nikishikilia chini ya kiti nisimguse, nijue mama atasikiaje.

Hapo ndipo nilipoona keria lililokuja nayo linapinda. Chacha akachukua black mamba kama sehemu ya malipo, tukaelewana, na nikamwomba keria lake nibaki nalo.

Fundi wetu hapa Rodi alilichomelea hilo keria kwenye baiskeli ya Akinyi siku hiyo hiyo. Nikamwambia aongeze vitu viwili. Vyuma vya kuwekea miguu pande zote, viwe chini, ili mguu wa mama usining'inie na usiguse spoku. Na mshikio wa chuma nyuma ya kiti cha dereva, umezungushiwa mpira, ili mtu ashike hapo na asishike mtu.

Asubuhi iliyofuata Akinyi alienda peke yake. Mimi sikuonekana kabisa. Aliniambia baadaye kwamba mama aliiangalia baiskeli, akamwangalia yeye, akasema, "Kwa hivyo hukuacha." Kisha akauliza atashika wapi. Akinyi akamwonyesha ule mshikio. Mama akakaa.

Nikiwa dukani niliwaona wakitokea kwenye lami. Mama amejifunga kitambaa kichwani, amekaa wima, mkono mmoja kwenye chuma na mwingine kwenye bega la binti yake. Watu walisimama kuangalia. Bodaboda wa pale stage wakapiga makelele, "Mama, uko na leseni?" Akinyi akawapigia kengele.

Zilikuwa wiki kumi na moja, kila baada ya siku moja. Sabato ya kwanza kuangukia siku ya kidonda, wakapita mbele ya kanisa watu wakiingia. Nilijua tutaitwa na wazee wa kanisa. Hatukuitwa. Jumapili wanawake wawili wa kanisa walikuja dukani kwangu, nikadhani wanataka mbegu, kumbe wanataka namba ya Chacha.

Siku nyingi za kwanza sista alikuwa anaosha na kufunga tu. Kisha akaanza kusema nyama ni nyekundu. Kisha kidonda kikawa saizi ya yai, kikawa saizi ya kifuniko cha chupa. Siku ya mwisho alifunga plasta ndogo akasema wakirudi waje kumsalimia tu.

Wiki mbili hivi baada ya hapo nilikuwa dukani napanga pakiti za mahindi. Kivuli kikaja mlangoni. Ni mama mkwe, peke yake. Nikaangalia nyuma yake nimwone Akinyi na baiskeli, hawakuwepo. Fimbo pia haikuwepo.

Hakuingia, alisimama pale nje ya kizingiti, macho chini kama kawaida. Kwa miaka yote neno lake kwangu hupitia kwa Akinyi. Siku hiyo aliniambia mwenyewe.

"Ora." Ndivyo sisi huita mkwe. "Nimekuja na miguu yangu. Yote miwili."

Niliinama chini ya kaunta kama mtu anayetafuta mbegu. Nilipoinuka alikuwa ameshaanza kurudi, anatembea kando ya lami, hana haraka.

Basi wakuu, funzo langu si kwamba black mamba ni mbaya. Kama una magunia, bado hakuna kama hiyo. Lakini kabla hujahesabu gia na kupima tairi, jua ni nani ataendesha na ni nani atakaa nyuma. Waulize wao wenyewe, na uwape nafasi ya kukujibu. Mimi nilijua baiskeli zote. Watu wangu wawili sikuwajua.

Mwenye maswali ya stendi, keria au zile gia tatu aweke hapa chini, nitajibu ninachojua. Na wewe uliyewahi kumnunulia mtu kitu bila kumuuliza, tuambie kiliishia wapi.

Anayetaka picha ya baiskeli asubiri kidogo, Akinyi ametoka nayo.